Theluji ya Brazil na Kahawa Yako: Usiuze Maua, Usinunue Uvumi



Kila ukifika mwezi wa sita, simu zetu huanza kupokea video za theluji. Watu wamevaa makoti mazito, magari yamefunikwa na weupe, na chini yake mtu ameandika: "Brazil kumeharibika, kahawa itapanda, shikilia mzigo." Siku tatu baadaye unakuja ujumbe mwingine: "Baridi imepita, bei inashuka, uza haraka." Kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili, kuna mkulima ameuza vibaya na kuna mfanyabiashara amenunua vibaya.

Leo natoa maoni yangu waziwazi. Utabiri wa theluji na baridi kali huko Brazil ni habari ya bei kwa mkulima wa kahawa wa Tanzania, na ana haki ya kuipata na kuielewa. Lakini tuelewane jambo moja: utabiri husogeza bei kwa siku chache, uharibifu wa kweli shambani ndio unaosogeza bei kwa miezi. Anayejua tofauti hiyo atatulia na kuuza kwa akili. Asiyeijua atakimbizwa huku na huku na ujumbe wa simu. Na mkulima aliyeuza kahawa yake ingali maua, yaani aliyekula butura, habari hiyo haimsaidii chochote, kwa sababu kahawa si yake tena.

Kwa nini baridi ya Brazil ituhusu sisi

Brazil huzalisha karibu theluthi moja ya kahawa yote ya dunia. Shamba kubwa kiasi hicho likiguswa na baridi usiku mmoja, wanunuzi wa New York na London wanahisi upungufu kabla jua halijachomoza. Bei ya arabika ya dunia husomwa New York, bei ya robusta husomwa London, na minada yetu hufuata huko.

Kipupwe cha Brazil kinaangukia mwezi wa sita hadi wa nane. Angalia kalenda yako. Ndiyo miezi ambayo Kagera tunavuna na kuanika, Mbinga na Mbozi wako shambani, na Kilimanjaro wanaanza. Kwa hiyo hofu ya baridi ya Brazil inakuja wakati uleule ambao wewe una kahawa mkononi na shida mlangoni.

Historia inatosha kutufundisha. Tarehe 17 Julai 1975 theluji ilianguka katika mji wa Curitiba, jimbo la Paraná, jambo ambalo ni nadra sana pale. Usiku uliofuata baridi kali ilipita kwenye mashamba ya jimbo hilo, ambalo wakati ule lilikuwa kiini cha kahawa ya Brazil. Karibu mibuni yote ya Paraná iliungua. Wabrazili wanaiita baridi ile "nyeusi", kwa sababu haikuacha weupe wa barafu juu ya majani. Iligandisha maji ndani ya mti wenyewe, na asubuhi matawi yakawa meusi. Kabla ya hapo kahawa ilikuwa chini ya senti 100 za Marekani kwa ratili moja, ambayo ni kama gramu 454. Mwaka 1977 ilipita senti 300. Wazee wa magharibi mwa Kenya bado wanalikumbuka soko la Chepkube mpakani, ambako kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwa magendo kwa sababu ya bei hiyo.

Mwaka 1994 baridi ilipiga mara mbili, mwishoni mwa Juni na tena Julai, na bei ikapanda karibu maradufu ndani ya wiki chache. Halafu ikaja Julai 2021, ambayo nitaieleza hapa chini, kwa sababu ndani yake kuna somo lote la leo.

Theluji ya mlimani na jalidi ya bondeni

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Theluji na jalidi ni vitu viwili tofauti, na kinachoua mbuni ni jalidi.

Jalidi ni ule umande unaoganda juu ya majani alfajiri ukawa barafu nyeupe. Wenzetu wa Njombe na Makete wanaijua vizuri, maana viazi vyao huungua nayo mwezi wa sita na wa saba. Theluji ni barafu laini inayodondoka kutoka mawinguni.

Baridi ya Brazil inatoka kusini kabisa, upande wa bara la barafu la Antaktika. Hewa nzito ya baridi hupanda kuelekea kaskazini kwa kupitia tambarare za Argentina, huku safu ya milima ya Andes ikiwa ukuta upande wa magharibi. Inaingia Brazil kupitia majimbo ya kusini: Rio Grande do Sul, Santa Catarina, kisha Paraná. Huko kuna nyanda za juu. Mji wa São Joaquim, kwa mfano, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa baridi ikikutana na mawingu yenye unyevu juu ya nyanda hizo, theluji huanguka. Hiyo ndiyo unayoiona kwenye video.

Sasa sikiliza. Jalidi haitaki mawingu. Mawingu usiku ni kama blanketi, yanazuia joto la ardhi lisipotee. Jalidi inataka anga safi lenye nyota, upepo uliotulia na hewa kavu. Ardhi inapoteza joto usiku kucha, hewa iliyo karibu nayo inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inateremka mteremko taratibu kama maji na kujikusanya bondeni. Ndiyo maana Njombe viazi vya bondeni huungua na vya mteremkoni hupona, ingawa ni kijiji kimoja. Mkulima wa Brazil naye anajua: hapandi kahawa kwenye mashimo ambako baridi hulala.

Kwa hiyo utabiri unaosema "theluji kubwa inakuja milimani kusini mwa Brazil" haujasema bado kwamba kahawa itaungua. Kutoka São Joaquim hadi kusini mwa jimbo la Minas Gerais, ambako arabika nyingi inalimwa siku hizi, ni zaidi ya kilomita 800. Baada ya mwaka 1975 wakulima wengi waliikimbia Paraná na kuhamia kaskazini huko Minas Gerais, kwa sababu hiyohiyo ya baridi. Theluji ya kusini inatuambia kwamba hewa ya baridi iliyoingia ni ya nguvu. Swali linalobaki ni moja: je, hewa hiyo itafika kwenye kahawa, na ikifika usiku, anga litakuwa limefunguka?

Utabiri unaweza nini, na hauwezi nini

Wataalamu wa hali ya hewa wanakusanya vipimo vya setilaiti, vituo vya ardhini na maputo yanayorushwa angani, kisha wanaviingiza kwenye kompyuta kubwa. Hawaendeshi hesabu mara moja tu. Kituo cha Ulaya cha utabiri, kwa mfano, kinaendesha hesabu ileile zaidi ya mara 50, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia, maana vipimo haviwezi kuwa kamili. Majibu mengi yakisema baridi itafika Minas Gerais, uwezekano ni mkubwa. Majibu yakigawanyika nusu kwa nusu, maana yake ni kwamba bado haijulikani.

Hata sisi tunaliona jambo hili. Angalia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania za siku tano. Zinapotoa angalizo la mvua kubwa, zinaandika kiwango cha uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Watu wengi wanasoma neno "mvua kubwa" na kuruka hayo mengine. Hayo mengine ndiyo utabiri wenyewe.

Kwa baridi ya Brazil, shika vipimo hivi:

Siku 1 hadi 3 kabla: utabiri ni wa kutegemewa kuhusu jimbo gani litapoa na kwa kiasi gani. Bondeni na mteremkoni bado patatofautiana.

Siku 4 hadi 7 kabla: utabiri unaona vizuri kwamba wimbi la baridi linakuja, lakini njia yake na nguvu yake vinaweza kubadilika.

Zaidi ya siku 10: ni mwelekeo tu. Mtu anayekwambia mwezi wa tano kwamba "mwaka huu tarehe 20 Julai Brazil itaganda", huyo anauza maneno.

Na jambo la mwisho hapa. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kibanda, mita moja na nusu hivi juu ya ardhi. Kikionyesha nyuzi 3, majani yaliyo chini huweza kuwa yameshapita sifuri. Kwa hiyo usidhani lazima utabiri useme sifuri ndipo mbuni uungue. Mtu akikuletea habari ya nyuzi joto, muulize zimepimwa wapi na anga lilikuwaje.

Julai 2021: somo lote katika siku kumi

Alfajiri ya tarehe 20 Julai 2021 jalidi kali ilipiga mashamba ya Minas Gerais. Kabla ya siku hiyo arabika New York ilikuwa chini ya senti 170 kwa ratili. Ndani ya wiki moja ikapita 200. Hapo kulikuwa na sababu ya kweli: majani na matawi yameungua.

Lakini sehemu ya kupanda huko ilitokana na kitu kingine. Watabiri walikuwa wanaona wimbi jingine la baridi linakuja mwishoni mwa mwezi. Soko likanunua utabiri huo kabla haujatimia. Theluji ile iliyosambaa kwenye simu za dunia nzima ilianguka tarehe 28 na 29 Julai huko Rio Grande do Sul na Santa Catarina. Baridi ikaendelea kaskazini, lakini uharibifu mpya kwenye kahawa ukawa mdogo kuliko uliohofiwa. Ilipofika tarehe 30 Julai, bei ilikuwa imerudi karibu na senti 180.

Soma tena hapo. Siku ambazo video za theluji zilikuwa nyingi kuliko zote, bei ilikuwa inashuka. Aliyenunua mzigo kwa sababu ya theluji aliyoiona kwenye simu, alinunua wakati wenye taarifa wanauza.

Halafu ikatokea nini? Baridi haiharibu sana kahawa iliyokwisha kuiva. Inaharibu matawi yanayotarajiwa kutoa maua mwezi wa tisa na wa kumi, yaani mavuno ya mwaka unaofuata. Kadiri miezi ilivyokwenda na watu kuhesabu hasara ya mavuno ya 2022, bei ikapanda polepole. Mwezi wa kumi na mbili ilipita senti 240, na Februari 2022 ikapita 250. Pamoja na baridi, kulikuwa na ukame Brazil na tabu ya usafiri wa meli. Kwa hiyo yule aliyeona bei inashuka mwishoni mwa Julai akauza kila kitu kwa hofu, naye alikosa.

Hiyo ndiyo tofauti niliyoisema mwanzoni. Hofu ya utabiri ilipandisha na kushusha kwa siku kumi. Uharibifu ulipandisha kwa miezi saba.

Neno kwa mkulima

Nianze na butura, kwa sababu bila kuiondoa hii, mengine yote ni hadithi. Serikali imeipiga marufuku, nanyi mnajua. Lakini sheria peke yake haimlipii mtoto ada mwezi wa kwanza, ndiyo maana bado inafanyika gizani. Tufanye hesabu badala ya kugombezana.

Tuchukulie una mibuni ya kutoa kilo 600 za maganda. Mwezi wa pili unahitaji shilingi 300,000. Mtu anakupa fedha hizo kwa makubaliano kwamba utampa kilo 300 wakati wa mavuno. Umeuza kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Mwezi wa saba bei kijijini iko shilingi 2,000. Zile kilo 300 zingekupa 600,000. Kwa hiyo mkopo wa miezi mitano umekugharimu shilingi 300,000, sawa na riba ya asilimia 100. Na kama mwaka huo Brazil imepigwa na jalidi na bei imefika 2,600, kilo hizo zingekupa 780,000. Faida ya baridi ile, ambayo wewe ulipaswa kuipata kwa jasho lako, imekwenda kwa mtu ambaye hata jembe hakushika. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kijijini kwako uone.

Wapo watakaoniambia, "Bwana shamba, shida haina subira." Ni kweli. Mimi sisemi usiwe na shida mwezi wa pili. Nasema shida ya mwezi wa pili inajulikana tangu mwezi wa nane uliopita, maana shule hufunguliwa kila mwaka. Weka akiba kwenye SACCOS au kikundi cha kuweka na kukopa siku unayolipwa fedha za kahawa, kabla hujapita dukani. Ikibidi kukopa, kopa fedha urudishe fedha pamoja na riba inayojulikana. Usirudishe kilo, kwa sababu bei ya kilo inaamuliwa na mawingu ya Minas Gerais, ambayo wewe na mkopeshaji wako hamyajui.

Pili, ukiwa na kahawa yako mkononi, usiuze yote siku moja. Maoni yangu ni kuigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza uza mapema, ulipe vibarua na madeni. Fungu la pili uza katikati ya msimu. La tatu lishike hadi habari za uharibifu zijulikane vizuri, mwezi wa tisa hivi. Hutapata bei ya juu kabisa kwa kahawa yote, lakini pia hutaumizwa kwa kahawa yote. Kama kahawa yako inapita AMCOS, hudhuria mkutano, uliza tarehe za minada, na wakulima mnapoulizwa kama mnaikubali bei ya mnada, mwe na taarifa mkononi, msijibu kwa kelele.

Tatu, kushika kahawa kunahitaji kahawa inayoshikika. Maganda yasiyokauka yataota ukungu wakati unasubiri Brazil igande. Anika juu ya chanja au turubai, si juu ya udongo, kausha hadi unyevu ufike asilimia 12 au chini kidogo, hifadhi juu ya chaga mbali na ukuta, mbali na mafuta ya taa na mbolea. Kama ghala lako linavuja, uza mapema. Bei nzuri hailipi kahawa iliyooza.

Nne, wenye robusta, ambao kwa Kagera ndio wengi, msichukue habari za New York mkazifanya zenu moja kwa moja. Robusta ya Brazil inalimwa zaidi jimbo la Espírito Santo, sehemu za chini na zenye joto, ambako jalidi si tishio. Arabika ikipanda sana, wakaangaji huongeza robusta kwenye mchanganyiko, hivyo na London hupanda, lakini kwa kuchelewa na kwa kiasi chake. Kwenu ninyi, ukame wa Vietnam una uzito kuliko theluji ya Brazil. Na kumbukeni kwamba karibu kilo mbili za maganda ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa safi, halafu kuna ukoboaji, usafiri na tozo. Usigawanye bei ya New York ukamdai karani wa chama kiasi hichohicho.

Neno kwa mfanyabiashara

Wewe uliye na leseni ya kununua kahawa, au mwenye duka linalokopesha sukari na sabuni kwa matumaini ya msimu, utabiri huu unakuhusu kwa namna nyingine. Mkulima akikosea anapoteza faida. Wewe ukikosea unapoteza mtaji, na mara nyingi mtaji wenyewe ni wa mkopo.

Usinunue mzigo mkubwa juu ya utabiri ambao haujatimia. Siku habari inapokufikia kijijini, wanunuzi wa New York wameshakuwa nayo kwa siku kadhaa na wameshaiweka kwenye bei. Ukinunua siku hiyo, umenunua hofu yao kwa bei ya juu. Nunua kile unachoweza kukiuza ndani ya siku chache kwa bei unayoijua tayari.

Andika kila siku bei uliyonunulia, bei ya mnada wa karibuni na unyevu wa kahawa uliyopokea. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mwaka wa baridi hupotea haraka zaidi. Na duka lisipanue mikopo kwa sababu ya video moja. Wateja wako watakulipa kwa bei watakayopata, si kwa bei iliyotabiriwa.

Tunachopaswa kujifunza kwa Paraná

Baada ya kuumia, Paraná hawakukaa kulalamikia baridi. Tangu miaka ya 1990 wana huduma ya bure inayoitwa Alerta Geada, maana yake tahadhari ya jalidi, inayoendeshwa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya jimbo pamoja na kituo cha hali ya hewa. Kila kipupwe inatoa tahadhari siku moja au mbili kabla ya baridi kufika. Ninachokipenda ni kwamba tahadhari inakuja na kazi ya kufanya. Miche iliyopandwa karibuni, iliyo chini ya miezi sita, inafukiwa kabisa kwa udongo na kufukuliwa mara baridi inapopita. Mibuni michanga iliyozidi hapo inawekewa kifusi cha udongo kwenye shina tangu mwezi wa tano, ili hata majani yakiungua, shina libaki hai na kuchipua. Mkulima hahitaji kuwa mtaalamu wa anga. Anahitaji kujua: kesho kutwa baridi, leo chukua jembe.

Huo ndio utabiri unaofaa. Utabiri usio na la kufanya ni habari ya kupigia soga. Kwa maoni yangu, sisi maafisa ugani, pamoja na viongozi wa AMCOS, tuna deni hapa. Ubao wa matangazo wa chama unapaswa kuwa na vitu vitatu kila wiki kuanzia Juni hadi Agosti: bei ya mnada uliopita, hali ya baridi ya Brazil kwa maneno mawili, na ushauri wa wiki hiyo. Si kazi kubwa. Ni karatasi moja na kalamu. Kama chama chenu hakina ubao huo, uliza kwenye mkutano mkuu, ni haki yako kama mwanachama.

Kabla hujasambaza video ya theluji

Jiulize maswali haya manne:

1. Hii ni wapi? Kama ni Santa Catarina au Rio Grande do Sul, ni milimani kusini, mbali na kahawa nyingi.

2. Ni ya lini? Video za mwaka 2021 bado zinazunguka kila mwaka kana kwamba ni za jana.

3. Ni utabiri au ni kitu kilichokwisha kutokea? Kama ni utabiri, ni wa siku ngapi mbele?

4. Kuna taarifa ya mibuni iliyoungua, au kuna picha za watu wakicheza na theluji tu?

Ukikosa majibu, usisambaze, na usiamue chochote juu ya kahawa yako.

Na bei ikipanda kweli kwa sababu ya baridi, usikimbilie kung'oa migomba ili ujaze kahawa. Baada ya kupanda kule kwa 1994 dunia nzima ilipanda mibuni, Vietnam ikiwa mbele, na mwaka 2001 bei ikaanguka chini ya senti 50. Mbuni unaopandwa leo unaanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu hivi, na wakati huo Brazil itakuwa imepona. Kibanja chenye migomba, maharage na kahawa kimewalisha wazee wetu katika bei nzuri na mbaya. Ongeza mavuno kwa kupogolea, kuondoa machipukizi na kuweka samadi kwenye mibuni uliyonayo, hiyo ndiyo njia ya haraka na ya bei nafuu.

Baridi ya Brazil hatuna uwezo wa kuizuia wala kuileta. Tulicho nacho ni kahawa iliyokauka vizuri, mali ambayo haijauzwa ikiwa maua, na subira ya kutofautisha uvumi wa siku na uharibifu wa kweli. Ukiwa na swali, niandikie hapa chini au njoo ofisini kwa mtendaji wa kata siku ya mnada wa kijiji, nipo pale tangu saa tatu asubuhi.

Kazi njema shambani.